Mama hataki kuiacha mikorosho Newala

Wakuu, naombeni ushauri. Tangu mzee afariki, mama anaishi peke yake Newala. Nimemwandalia chumba hapa Dar, lakini kila nikipiga simu ananiuliza, "Mwanangu, mikorosho ya baba yako nimwachie nani?" Mzee aliipanda mwaka niliozaliwa, 1978. Tulikuwa tunabangua korosho jikoni, mama anatupaka majivu viganjani kwanza ili utomvu wa maganda usituunguze. Mimi nilikuwa sisubiri, vidole vinabambuka ngozi. Nilipokuja Dar mara ya kwanza, Daraja la Mkapa pale mto Rufiji halijajengwa, tulilala kivukoni Ndundu. Korosho alizonifungia kwenye khanga ndizo zilikuwa chakula. Nimlazimishe?

Jibu: Usimng'oe, kaka. Wangu nilimleta, akakaa miezi minne akitazama ukuta. Nimemrudisha Masasi, sasa anachimba ming'oko, vile viazi vya porini, na wenzake, sauti yake imerudi.

Jibu: Newala shida ni maji. Nani anambebea ndoo? Mjengee kisima cha kuvunia mvua, na utafute kijana wa kupulizia mikorosho salfa, dawa ya ukungu.

Muuliza swali: Anabeba mwenyewe, dada. Sijawahi hata kumuuliza. Ijumaa nashuka Newala.