Kiolezo cha tasnifu kinavunja kanuni zilezile ambazo chuo kinawahukumu nazo wanafunzi

Wakuu,

Nina steshenari karibu na chuo kimoja ambacho sitakitaja, na kazi yangu kubwa ni kupanga tasnifu za wanafunzi wa uzamili kabla hazijapelekwa kujalidiwa. Ninaandika nikiwa na hasira. Wiki hii mwanafunzi amerudishiwa kazi yake kwa mara ya tatu, na kosa lililozungushiwa kalamu nyekundu ni pambizo, ilhali pambizo hizo hakuzipanga yeye. Zimo ndani ya faili alilopewa na chuo kwa jina la kiolezo, yaani faili lililopangwa tayari ili mwanafunzi aandikie kazi yake humo.

Faili hilo nimelikagua. Ukurasa wake umewekwa Letter, karatasi ya Kimarekani yenye milimita 216 kwa 279, wakati kanuni za chuo zinadai A4, yaani milimita 210 kwa 297, na rimu ya Letter sijawahi kuiona ikiuzwa mtaani kwetu. Printa inapoubana ukurasa huo uenee katika A4, inaupunguza kwa karibu asilimia 3: pambizo ya kushoto ya sentimita 4, iliyoachwa kwa ajili ya jalada, inashuka hadi 3.9, huku juu na chini ikiongezeka nafasi tupu ya jumla ya sentimita 2.5. Mkaguzi anaweka rula, anaona kasoro, anarudisha kazi.

Nambari za kurasa ndizo zinazonitia uchungu zaidi. Kanuni zinataka kurasa za awali, kuanzia ikirari hadi orodha ya vifupisho, ziwe na nambari za Kirumi, na sura ya kwanza ianze na 1. Takwa hilo ni la kawaida, na programu zote mbili tunazotumia zinaliweza. Katika LibreOffice Writer unatengeneza mtindo wa ukurasa, yaani mipangilio ya ukurasa iliyohifadhiwa kwa jina, kwa kurasa za awali na mwingine kwa sura, kisha unapokata ukurasa baada ya vifupisho unachagua mtindo wa sura na kuagiza hesabu ianze na 1. Katika Word unaugawa waraka kwa seksheni, unatenganisha kijachini (sehemu ya chini ya ukurasa inayobeba nambari) cha seksheni ya pili na cha ile ya kwanza, na kuipa kila moja hesabu yake. Kiolezo cha chuo hakina lolote kati ya hayo. Waraka wote ni kipande kimoja, sura mpya zimesukumwa ukurasa unaofuata kwa kubonyeza Enter mara ishirini, na vichwa vimekolezwa tu bila kupewa mtindo wa kichwa, hivyo programu haiwezi kuvitambua wala kutengeneza orodha ya yaliyomo. Ndipo wanafunzi wanapoikata tasnifu katika mafaili matatu na kuchapa yaliyomo kwa mkono, na msimamizi akiagiza aya moja iongezwe katika sura ya pili, nambari zote zinazofuata katika orodha hiyo zinakuwa za uongo.

Tena hicho si kiolezo hata kidogo. Ni waraka wa kawaida wa .doc, ambao ukiufungua na kuuhifadhi umeandika juu ya nakala yenyewe, wakati kiolezo halisi, cha .ott au .dotx, ukikibofya mara mbili kinakufungulia waraka mpya usio na jina, na chenyewe kinabaki kilivyokuwa. Katika kijachini cha faili linalosambazwa leo bado imo mada ya tasnifu ya mtu mwingine, na nimeona kazi mbili zilizojalidiwa zikiwa na mada hiyo. Wenyewe walilipia jalada upya.

Kila kazi inaporudishwa, mimi ndiye ninayelipwa kuichapa tena, na fedha hizo sizitaki. Mwanafunzi mwenye tasnifu ya kurasa 180 ameshachapa kurasa 540 bila kuongeza hoja hata moja.

Nilitengeneza kiolezo sahihi kwa programu zote mbili, kazi ya mchana mmoja, pamoja na mtindo wa ukurasa wa kulala kwa majedwali mapana, nikakipeleka ofisini kwao bure. Nilijibiwa kwamba wanafunzi wafuate kiolezo kilichopo. Ninachodai ni kwamba wakifungue changu, wakipime kwa rula ileile, na kama kina kosa waniambie ni lipi. Na kabla ya kufanya hivyo wasimrudishie mwanafunzi yeyote kazi kwa sababu ya pambizo walizompa wao wenyewe.