Mbwa wetu wa miaka 14 hawezi tena kuinuka: tungoje au tumwite daktari?

Kifunguamimba
Hamjambo nyote. Naomba ushauri wa watu waliowahi kupita njia hii. Marehemu baba yangu alimleta Simba nyumbani kwetu Kahawa Sukari mwaka 2011, akiwa mdogo wa kutosha ndani ya katoni ya maziwa, na tangu baba alipofariki mwaka 2019 mbwa huyo amelala mlangoni mwa chumba cha mama kila usiku bila kukosa. Sasa miguu yake ya nyuma imelegea na inateleza kwenye sakafu ya saruji kila anapojaribu kuinuka, hata tumemtandikia magunia kutoka mlangoni hadi uani ili apate pa kukanyaga. Wiki mbili zilizopita alianza kujikojolea palepale alipolala, na nilipokuwa nikimwosha aligeuza uso ukutani, akakataa kunitazama. Ugali kwa omena, ambao zamani aliumaliza kabla sufuria haijatulia chini, siku hizi anaulamba mara mbili tatu na kuuacha.

Daktari aliyemwona alisema kwamba figo zimechoka na nyonga zimesagika, akashauri tumpumzishe kwa sindano. Mama, ambaye ana miaka 74, hataki kusikia neno hilo. Anasema uhai ni wa Mungu na kwamba mbwa wa baba ataondoka siku yake ikifika. Mdogo wangu naye anataka tuwaambie watoto kwamba Simba amepelekwa kwa shangazi Nyeri. Nifanyeje? Na siku yenyewe huwaje?

Mama Pacha
Pole sana, dada. Sisi tulingoja, na sitaki nawe ungoje kama sisi. Mbwa wetu alikata roho saa kumi alfajiri baada ya kuhema usiku kucha, na daktari tuliyempigia simu hakuweza kufika usiku ule. Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba tulikuwa tumempa vidonge vya maumivu vya binadamu tukidhani tunamsaidia, kumbe ibuprofeni huchoma tumbo la mbwa na kuharibu figo. Tafadhali msimpe.

Daktari wa Mifugo, Kabete
Nitajibu swali la mwisho kwa kirefu, kwa kuwa nimeona mara nyingi jinsi hofu ya kutojua inavyowatesa watu kuliko tendo lenyewe. Hakikisheni kwanza kwamba atakayefanya kazi hiyo amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, kisha mwombeni aje nyumbani ikiwezekana, maana mbwa mwenye nyonga mbovu huumia akiinuliwa na kupakiwa garini.

Kwa kawaida huanza kwa sindano ya kumtuliza, na baada ya dakika chache mbwa huinamisha kichwa na kusinzia. Huo ndio wakati wa kumsemesha na kumshika. Akishalala, daktari humnyoa manyoya kidogo kwenye mguu wa mbele, huutafuta mshipa na kuingiza pentobabitali, ambayo ni dawa ya usingizi, kwa kipimo kikubwa kupita kile cha kulaza. Ubongo huzimika kwanza, ndipo pumzi na moyo husimama, mara nyingi ndani ya dakika moja au mbili. Waambieni mapema watakaokuwepo kwamba macho hayafumbi, kwamba anaweza kuvuta pumzi moja au mbili za mwisho au misuli ikashtuka, na kwamba mkojo unaweza kutoka. Wakati huo hasikii chochote tena.

Jambo moja watu wengi hawaambiwi: dawa hiyo hubaki mwilini. Mzikeni kwenye shimo lenye kina cha mita moja au zaidi na mlishindilie udongo vizuri, na msikubali mtu yeyote ajitolee kumtupa jaani au kando ya mto, kwa sababu mbwa au ndege atakayekula mzoga huo anaweza kufa.

Mzee wa Buruburu
Binti yangu, nadhani mama yako anaona kama anaambiwa amzike mzee mara ya pili. Usibishane naye habari za figo. Keti naye asubuhi, saa ile Simba anapojaribu kuinuka, mmtazame pamoja bila wewe kusema neno, halafu mwachie yeye achague siku. Nami ni muumini, na siamini kwamba Mungu aliyetukabidhi mnyama huyu anataka tumwangalie tu akiteseka.

Ile habari ya Nyeri ikatae. Tuliwahi kuwaambia wanangu uongo kama huo, wakawa wanamuuliza shangazi yao kila Krismasi kuhusu mbwa wao, hadi mkubwa alipogundua, na kwa muda mrefu hakuniamini nilipomwambia kwamba mgonjwa fulani anaendelea vizuri. Waambieni kwamba Simba atakufa, kwa neno hilohilo, wala msiseme kwamba atalala, kwani mtoto mdogo ataogopa kitanda chake.

Kifunguamimba
Asanteni sana kwa maneno yenu. Nilifanya kama mzee alivyonielekeza. Juzi asubuhi Simba alijaribu kuinuka mara nne, na mara ya nne mama alichutama akamshika kiuno, kisha akaniuliza kama daktari hufanya kazi Jumamosi. Atakuja saa nne. Mama ameomba shimo lichimbwe chini ya mparachichi alioupanda baba, na watoto wameambiwa. Mdogo zaidi alilia sana, halafu akauliza kama anaruhusiwa kumshika mguu.

Jana jioni mama alikaanga maini, akayakata vipande vidogo na kuketi juu ya magunia, akamlisha Simba kimoja kimoja kwa mkono. Alivimaliza vyote.