Mpwa wangu ana kilo 121, ataka kucheza futiboli ya Kimarekani

Mbeba_Saruji (Langoni, Lamu): Assalaam aleikum jamaa. Mpwa wangu ni hamali hapa gatini, miaka 22, kilo 121. Nilimpima mwenyewe kwa mizani ya samaki. Mgeni mmoja Mmarekani aliyefikia Shela kamwambia anafaa mstari wa ulinzi kwenye ule mpira wao wa umbo la yai. Tangu siku hiyo halali. Nimetazama kwenye simu: majibaba yanagongana sekunde nne, yanapumzika. Ndiyo kazi hiyo? Na mtu huanzia wapi akiwa mtu mzima?

Kasa_wa_Malindi: Waalaikum salaam. Ndiyo kazi, shekhe, na si ndogo. Huinama mkono chini, mpira ukitoka tu amvamie mtu wa kilo 140 aliyewekwa amzuie, amfikie kwotabeki, yule mrusha mpira, kabla hajarusha. Watu hudhani ni unene. Mtazame Aaron Donald, aliyechezea timu ya Rams kabla ya kustaafu: sentimita 185 tu, mfupi kwa kazi ile. Misimu 10, kaangusha makwotabeki mara 111, mlinzi bora wa mwaka mara 3. Fainali ya 2022 huku ilianza saa nane na nusu usiku. Nilikesha mpaka Donald alipomdaka Joe Burrow, kwotabeki wa wapinzani, kwenye jaribio lao la mwisho, Burrow akautupa mpira ovyo. Mke wangu alidhani mwizi kaingia.

Kuanza ukubwani si ajabu. Ezekiel Ansah wa Ghana alifika chuoni Marekani hajawahi kuucheza, akaanza 2010, na 2013 timu ya Detroit Lions ikamchukua, akiwa wa 5 kuchaguliwa kati ya wachezaji wapya wote wa mwaka huo. Mkenya mwenzetu Daniel Adongo alitoka raga akaingia timu ya Indianapolis Colts mwaka huohuo, ingawa yeye alisimama nyuma ya mstari.

Nahodha_Mstaafu (Mokowe): Kijana huyo nadhani namjua. Juzi maji yamekupwa, mashua ya saruji ikakwama. Yeye kasukuma kasimama wima, miguu ikamteleza topeni. Mzee mmoja mkavu kama ng'onda akatia bega chini ya tezi, nyuma ya chombo, magoti majini, chombo kikaondoka.

Kasa_wa_Malindi: Basi mzee huyo ndiye angefaa! Anayeingia chini ndiye anayesukuma. Kilo 121 zilizosimama wima hung'olewa mara moja.

Mbeba_Saruji: Nimemwonyesha Donald. Kasema, "Mjomba, mbona mfupi huyu?" Asubuhi nimemkuta gatini anasukuma ukuta wa bahari, magoti kayakunja, punda wanamtazama.