Triathloni ya watoto na familia: tuogelee Shangani, Mikindani au Lindi?

Mama Wawili, Mtwara

Ndugu wanajamvi, nawasalimu. Familia kadhaa za Mtwara na Lindi tumekubaliana kuandaa triathloni ndogo ya watoto na wazazi wao, ambamo mshiriki huogelea, hupanda baiskeli, kisha humalizia kwa kukimbia, bila saa kusimamishwa katikati. Umbali tumeshaafikiana. Triathloni fupi ya watu wazima huwa mita 750 majini, kilomita 20 za baiskeli na kilomita 5 za mbio, ambayo ni nusu ya ile ya Olimpiki. Kwa watoto wa miaka 8 hadi 10 tumeweka mita 50, kilomita 2 na mita 500, na wakubwa wao wataongezewa kidogo. Kinachotugawa ni mahali. Wapo wanaotaka ufukwe wa Shangani, wapo wanaotaka Mikindani kwa kuwa ghuba yake imejifunga na mawimbi makubwa hayaingii, na wenzetu wa Lindi wanaona ufukwe wa mjini kwao unafaa zaidi. Naomba tulinganishe kwa hoja, kwani baadhi ya watoto hawa hawajawahi kuogelea bila mtu mzima kuwa karibu nao.

Nahodha Mstaafu, Mikindani

Mama Wawili, kabla hamjachagua ufukwe, chagueni siku. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pwani yetu hujaa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hukauka mnamo saa nne asubuhi, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Mkiwaita watoto asubuhi ya siku kama hiyo, pale Shangani watatembea juu ya mawe na mwani wakitafuta maji, na hapa kwetu Mikindani watazama kwenye tope hadi magotini. Maji mafu ni kinyume chake. Mnamo tarehe 7 au 8 ya mwezi mwandamo, na tena 21 au 22, bahari hujaa karibu na saa nne asubuhi, haipandi sana wala haishuki sana, na mkondo wake ni mpole. Kujaa husogea mbele kwa takribani dakika 50 kila siku, kwa hiyo mkikosea siku mbili tu mpango wote wa asubuhi unavurugika.

Nikiulizwa kuhusu maji peke yake, nitasema Mikindani, kwa sababu ghuba imetulia hata kusi likivuma. Lakini chini ni tope, na mtoto anayeogopa huhitaji kukanyaga mchanga mgumu pale anapotaka kusimama. Kwa hilo Shangani inashinda.

Mwalimu wa Michezo, Shangani

Shikamoo, Mzee Nahodha. Nakubaliana nawe kuhusu siku, nami naongeza kwamba tusiitazame bahari pekee, maana sehemu ndefu kuliko zote ni ya baiskeli. Mikindani imepitiwa na barabara kuu inayoingia mjini, na malori yaendayo bandarini hupita humo; msimu wa korosho unapoanza mwezi wa Oktoba yanaongezeka. Sioni namna ya kuwapanga watoto wa miaka 8 pembeni mwa malori hayo, hata tukiweka watu wenye bendera kila baada ya hatua mia. Barabara za mtaa wa Shangani ni pana, zina kivuli cha miti, na Jumapili asubuhi magari ni machache, kiasi kwamba tunaweza kuweka mzunguko mfupi ambao mtoto anaurudia mbele ya macho ya mzazi wake.

Wafundisheni watoto kanuni moja mapema: mshiriki hufunga kofia ngumu kichwani kabla hajaigusa baiskeli, na haifungui mpaka ameirudisha mahali pake. Ndivyo ilivyo hata kwa wanaoshindana kimataifa. Mtoto aliyezoezwa jambo hili uani kwake, akitoka mbio hali amelowa, akavaa kofia, akavaa viatu, ndipo akashika usukani, hatababaika siku yenyewe.

Muuguzi, Lindi

Dada Mama Wawili, mimi ni wa Lindi na ningependa watoto wetu waogelee nyumbani, lakini lazima niseme ninachokijua. Ufukwe wetu uko karibu na mjini, barabara ya kando ya bahari ni tambarare na inafaa sana kwa mbio. Tatizo ni kwamba mto Lukuledi humwaga maji yake katika ghuba hiyo hiyo, kwa hiyo maji yanapoanza kupwa huvuta kuelekea nje, na baada ya mvua huwa na udongo kiasi cha kutomwona mtoto aliyezama hata akiwa karibu nawe. Mvua zetu huanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Katika miezi hiyo Lindi tuiache kabisa.

Popote mtakapoamua, tafadhali sana lisikieni hili. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mikono, kwa sababu nguvu zote anazitumia kutafuta hewa. Mtu anayelinda asiwe mpiga picha, asiwe na simu, wala asiwe na mtoto wake mwenyewe katika kundi, kwa kuwa macho yake yatamfuata huyo mmoja. Maboya ya kujazwa upepo yasihesabiwe kuwa ulinzi.

Baba wa Ligula

Kwa nini tusitumie bwawa la hoteli? Maji yanaonekana hadi chini, hakuna kupwa wala kujaa.

Mwalimu wa Michezo, Shangani

Ndugu yangu, kwa mazoezi bwawa ni bora kuliko bahari, hasa kwa anayejifunza kupumua pembeni na kuelea chali. Lakini mtoto aliyezoea ukuta wa kushika hushtuka anapoukosa, kwa hiyo aanze bwawani na wiki za mwisho ahamie baharini. Kwa siku ya tukio, bwawa dogo lingetulazimisha kuwapitisha wachache wachache.

Fundi Baiskeli, Chikongola

Kuhusu baiskeli, mzazi asinunue mpya kwa ajili ya siku moja. Ile kubwa ya babu yenye mtalimbo haimfai mtoto, kwani akisimama ghafla miguu haigusi chini. Baiskeli ya mtumba ya kimo chake, isiyo na gia, ni salama kuliko ya gia nyingi ambazo hajui kuzibadilisha. Angalieni breki za mbele na za nyuma, msijaze tairi kupita kiasi, na baada ya mazoezi ya ufukweni futeni mnyororo kwa kitambaa kisha mtie mafuta, maana mchanga na chumvi huula haraka.

Mama Wawili, Mtwara

Nawashukuru nyote. Basi Shangani, siku ya maji mafu, kabla mvua hazijaanza. Limebaki swali la wasioweza kumaliza sehemu zote tatu: je, familia ipokezane, mmoja aogelee, mwingine apande baiskeli, mwingine akimbie?

Nahodha Mstaafu, Mikindani

Pokezaneni, lakini asiyejua kuogelea asisukumwe majini kwa ajili ya heshima ya ukoo. Waogelee sambamba na ufukwe, si kuelekea nje, katika maji yanayomfika mtoto kifuani. Upande wa nje tandazeni kamba yenye madumu matupu, watu wazima wasimame kwenye kamba hiyo, na ngalawa mbili zikae nyuma yao. Ngalawa nitazitafuta mimi.

Muuguzi, Lindi

Na asubuhi hiyo upepo ukichafua bahari, Mzee Nahodha ndiye aseme, na neno lake lisijadiliwe. Sehemu ya maji itaondolewa, watoto wataanza kwa mbio, watapanda baiskeli, kisha watakimbia tena. Wazazi waambiwe hivyo tangu siku ya kuandikisha majina.