Mjadala: Ufundi wa gitaa unaua hisia kwenye metali ya progresivu, au tunausingizia?

MLETA MADA

Wakuu, kuna hukumu inayojirudia kila inapotajwa metali ya progresivu, yaani roki nzito yenye nyimbo ngumu za kupiga na mapigo yanayobadilika-badilika: "Hawa jamaa gitaa wanalijua, ila muziki wao hauna roho." Bendi ya Dream Theater haina roho. Bendi ya Animals as Leaders haina roho. Yeyote mwenye vidole vyepesi amekwisha kuhukumiwa kabla hata wimbo haujafika katikati. Upande wa pili wapo wanaoamini kwamba kama huwezi kuipiga solo ya John Petrucci, mpiga gitaa wa Dream Theater, basi huna haki ya kuisema. Naomba tuichambue hoja hii kwa nyimbo zenyewe, ushabiki tuuweke kando.

Msimamo wangu ni huu: sijawahi kusikia wimbo uliouawa na ugumu. Nimesikia nyingi zilizouawa na ugumu ambao hauna kazi yoyote ndani ya wimbo.

Chukueni "Bleed" ya bendi ya Meshuggah, albamu ya obZen, mwaka 2008. Mkono wa kulia wa mpiga gitaa haupumziki, na miguu ya Tomas Haake kwenye dramu inakwenda sambamba nao. Wapiga gitaa wazoefu wanauogopa wimbo huu. Lakini sikilizeni noti zenyewe: ni chache mno, nyingi ziko kwenye uzi mnene kabisa, na vidole vya mkono wa kushoto havina sarakasi yoyote. Ugumu wote umo kwenye mapigo na kwenye pumzi ya kuyabeba kwa zaidi ya dakika saba. Ukiurahisisha, hakuna kinachobaki, maana ule mpigo unaokwaruza ndio wimbo wenyewe.

Kisha wekeni "The Dance of Eternity" ya Dream Theater, ya mwaka 1999. Dakika sita bila mwimbaji, hesabu ya mapigo inabadilika zaidi ya mara 100. Albamu yenyewe, Scenes from a Memory, naipenda sana. Inasimulia habari za mtu anayekutana na maisha yake ya kale akiwa amelazwa usingizi na mtaalamu. Lakini nikifika kwenye wimbo huo, hadithi inanitoka, nabaki nawaza vidole. Halafu kwenye albamu hiyohiyo, Petrucci yuleyule anapiga solo ya "The Spirit Carries On", taratibu, kila noti anaiacha iishe yenyewe, na ni vigumu kuisikiliza ukabaki mkavu. Ni mtu mmoja, mwaka mmoja. Sasa mtu anaposema ujuzi umemnyang'anya roho, huwa anazungumzia dakika ipi?

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mkuu, mada nzuri, ila kipimo chako kina walakini. Nani anaamua ugumu upi una kazi na upi hauna? "The Dance of Eternity" umejaa vipande vya "Metropolis", wimbo wao wa mwaka 1992, ambayo albamu nzima ni mwendelezo wake. Unakuja mara baada ya "Home", wimbo wa usaliti na uraibu. Kwa masikio yangu, ile vurugu ni akili ya mtu inayoporomoka. Wewe unasikia vidole, mimi nasikia hadithi.

Kuna jambo lingine linaniuma zaidi. Petrucci na John Myung walikutana na Mike Portnoy, wote wa Dream Theater, Berklee, chuo cha muziki cha Boston, mwaka 1985. Ni vijana waliokuwa wakifanya mazoezi usiku na mchana kwa sababu waliyapenda mazoezi yenyewe. Furaha yao ni kuliweza lile lisilowezekana. Kama uhalisi ni mtu kuwa alivyo, basi kumtaka mtu wa aina hiyo apige noti tatu za huzuni ndipo tumwamini, ni kumwomba atuigizie. Kwa nini tumekubaliana kwamba hisia ni majonzi tu? Na furaha ya kuweza je, si hisia?

MCHANGIAJI WA PILI

Nyote mnabishana juu ya vidole kana kwamba bado tunavisikia. Siku hizi rekodi nyingi za mtindo huu zinatengenezwa kipande kwa kipande. Gitaa linarekodiwa sekunde chache, noti iliyochelewa inasogezwa kwenye mstari kwa kompyuta, dramu zinaandikwa kwenye programu bila kuwapo mpigaji. Unachokisikia hakuna mkono uliowahi kukipiga kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hapo ndipo uhalisi ulipopotea, si kwenye kasi.

MLETA MADA

Mkuu wa pili, hoja yako ni nzito lakini haikai sawa ukiipeleka kwenye kazi zenyewe. Catch Thirtythree ya Meshuggah, mwaka 2005, dramu zake zote ziliandikwa kwenye kompyuta, na wako wengi, nami nimo, wanaoiona kuwa miongoni mwa kazi zao za ndani kabisa. Albamu ya kwanza ya Animals as Leaders, mwaka 2009, mpiga gitaa wao Tosin Abasi aliitengeneza na mtayarishaji Misha Mansoor, na dramu nazo ni za programu. Abasi ni mtoto wa wahamiaji wa Kinigeria nchini Marekani. Anapiga gitaa la nyuzi nane kwa kidole gumba, namna aliyoichukua kwa wapiga besi, na ukimsikia kwa sekunde kumi unamtambua. Kompyuta haikumwondolea sauti yake.

Mkuu wa kwanza, kwenye furaha ya kuweza nakubaliana nawe, ni hisia halali. Ninachokataa ni msikilizaji kulazimishwa aishangae. Chuck Schuldiner wa bendi ya Death alitoa albamu ya kwanza mwaka 1987, Scream Bloody Gore, muziki wa kukata moja kwa moja. Kufikia The Sound of Perseverance, mwaka 1998, gitaa lake lilikuwa limejaa mikunjo na mabadiliko. Lakini fuata alichokuwa akikiimba: alitoka kwenye maiti na damu akafika kwenye kusalitiwa, woga na kutafuta maana ya kuishi. Mambo ya kusema yaliongezeka, na mikono ikalazimika kuyafuata. Huo ndio ufundi ninaoutetea.

MCHANGIAJI WA TATU

Ndugu zangu, sisi tuliolelewa na magitaa ya Kongo ubishi huu si mgeni. Wapo wa Franco na wapo wa Nico. Nico Kasanda aliitwa Docteur kwa usafi wa solo zake. Franco alichukua kishazi kifupi akakirudia mpaka kikaingia mwilini. Lakini wote wawili walikuwa na hakimu mmoja: watu wanaocheza. Solo ikiwa tamu lakini haiwabebi wachezaji, jibu linapatikana hapohapo ukumbini.

Metali ya progresivu mara nyingi haina hakimu huyo. Watu wanasimama, mikono kifuani, macho kwenye vidole vya mpigaji. Hadhira ya namna hiyo humfundisha mwanamuziki kupigia macho. Kwa hiyo nisingemlaumu Petrucci peke yake. Sisi tunaosimama mbele yake tumechangia.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Hapo umegusa penyewe. Na hao wanaosimama wana kesi nyingine ya kujibu. Bendi ya Opeth walipotoa albamu ya Heritage mwaka 2011 bila uimbaji wa kunguruma, mashabiki wengi walilalamika kwamba mwimbaji wao Mikael Åkerfeldt amejisaliti. Alikuwa akifuata roki ya miaka ya 1970 anayoipenda tangu zamani. Mwaka 2024 mngurumo ukarudi kwenye The Last Will and Testament, na sherehe zikaanza: eti Opeth halisi wamerudi. Ina maana kwa miaka 13 mtu huyo alikuwa nani? Mleta mada, kipimo chako cha kazi ndani ya wimbo nitakipokea, kwa sharti moja: kitumike pia kwa mngurumo, na kwa noti tatu za polepole. Wapo wanaopiga polepole nao hawana wanachosema.

MLETA MADA

Sharti nimelikubali. Leteni nyimbo, moja moja, na dakika yake, tuzisikilize.