Tupeane uzoefu: picha za uso, mandharinyuma laini, na jicho lililokosa fokasi

Mwangaza: Wakuu, leo nimefungua picha za zamani nikakutana na ya mzee mmoja ambaye ncha ya pua yake imenolewa vizuri kabisa, ilhali macho yamefifia. Naomba kila aliyekutwa na mkasa wa namna hii alipokuwa akitumia lenzi iliyofunguliwa wazi atusimulie.

MamaPicha: Mkasa wangu ulinipata harusini. Bibi harusi alisimama dirishani, machozi yakimlengalenga, nami nilikuwa na lenzi ya milimita 85 niliyoazima, nimeifungua hadi f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni pana). Niliweka nukta ya fokasi kwenye jicho lililo karibu nami, kamera ikalia kuthibitisha, na kwenye skrini ndogo ya nyuma kila picha ilionekana safi. Usiku, nilipozikuza kwenye kompyuta, mikwaruzo ya hereni ilionekana mmoja mmoja na vinyweleo vya sikioni vilihesabika, lakini macho yalikuwa kama yanatazamwa kupitia maji. Picha zote zilikosea upande uleule na kwa kiasi kilekile, jambo ambalo mkono unaotetemeka hauwezi kulifanya. Fundi alilaza rula kwa mshazari, akalenga mstari wa sentimita 15, na mstari uliotoka mkali ukawa wa 17: lenzi ilikuwa ikilenga nyuma. Bibi harusi aliniuliza kama kompyuta inaweza kuyarekebisha, nikamwambia ukweli kwamba programu hainoi kope ambazo lenzi haikuzichora. Alikubali kuvaa shela siku nyingine, lakini machozi yale hayakurudi.

Kivuli: Pole sana, dada. Ya hereni yamenikuta na mimi.

Nukta: Pole, ila hii tamaa ya f/1.8 ndiyo inayotuponza. Kwa lenzi ya 85 kwenye sensa (kipande kinachopokea picha ndani ya kamera) ya milimita 36 kwa 24, mtu akiwa mita 2 mbele yako, kina cha fokasi, yaani eneo la mbele hadi nyuma linalotoka kali, ni takriban sentimita 6 tu. Kwa f/4 unapata kama 13, uso mzima unakaa ndani.

Kope: Mkuu Nukta, sikubaliani nawe hata kidogo. Ulaini wa mandharinyuma ndio uliotuleta kwenye lenzi hizi. Bakia na f/1.8, usogee nyuma hadi mita 3, na utazipata sentimita zako 13.

Nukta: Ukisogea nyuma uso unakuwa mdogo kwenye fremu na mandharinyuma hayalainiki tena kama mwanzo. Umelipa bei ileile kwa mlango mwingine.

Kope: Kwa picha ya nusu mwili naona inafaa. Tusilazimishane.

Pembeni: Mnabishania tundu la lenzi huku wengi wakilenga jicho kwa nukta ya katikati, kisha wakiizungusha kamera ili kupanga picha. Mtu akiwa mita 1.5 mbele, ukiigeuza kamera nyuzi 15, fokasi inaangukia karibu sentimita 5 nyuma ya jicho, wakati kwa f/1.8 kina chote ni kama sentimita 3 na kidogo. Isogezeni nukta yenyewe hadi kwenye jicho, kamera itulie.

Kivuli: Hili naliunga mkono.

Shata: Naomba kuongeza jambo. Kabla hatujailaumu fokasi, tutafute kitu chochote kilicho kikali ndani ya picha. Kama sikio ni kali, fokasi imekwenda nyuma. Kama kila kitu kimeburuzika kuelekea upande mmoja, basi kasi ya shata, pazia la kamera linalopitisha mwanga, ilikuwa ndogo. Mimi sishuki chini ya 1/250 ya sekunde, na kwa kuwa mtu aliyesimama huyumba bila kujijua, natumia fokasi inayomfuata mfululizo.

Mwangaza: MamaPicha, ile lenzi iliishia wapi?

MamaPicha: Kamera yangu ina sehemu ya kusahihisha fokasi ya kila lenzi, fundi aliipeleka upande wa hasi, unaoivuta fokasi mbele, hadi mstari wa 15 ukawa mkali. Kamera zinazolenga kwa sensa yenyewe, zisizo na kioo ndani, hazisumbui sana kwa hilo.

Kope: Na wanaovaa miwani? Fokasi ya kamera yangu hung'ang'ania fremu ya miwani.

Pembeni: Zima fokasi ya kamera, kuza jicho kwenye skrini, uzungushe pete kwa mkono hadi mistari ya mboni ionekane.