Nampeleka baba mwenye presha na mtoto uwanjani kwenye joto kali, nijiandae vipi?

Mtoto wa Kwanza:
Wakuu, salaam. Naomba ushauri mapema.

Mwezi ujao nasafiri na baba na binti yangu kwenda kuangalia mechi ugenini, katikati kabisa ya majira ya joto. Mpira unaanza saa tisa alasiri. Baba ana miaka 71, anameza dawa za presha, mojawapo ni ile inayomfanya akojoe sana. Binti ana miaka 6. Kwa kawaida msimu huo kule joto hufika nyuzi 36, na hizo zinapimwa kivulini.

Hofu yangu inatokana na mwaka jana. Tulipanga foleni getini saa nzima na nusu, tumesimama kwenye lami, hakuna hata mti. Baba akanyamaza. Nikadhani amechoka tu. Nilipomshika mkono nikaukuta umelowa jasho, halafu wa baridi. Foleni iliposogea, miguu ikamgomea. Kijana mmoja aliyekuwa mbele yetu akamkalisha kwenye kivuli cha basi, akammiminia maji shingoni. Baada ya nusu saa alikuwa sawa, ila uso wake wa siku ile haujanitoka. Mechi hii ameisubiri miaka mingi, siwezi kumwambia abaki nyumbani. Nifanyeje?

Nesi wa Zamu:
Pole sana ndugu. Baba alizidiwa na joto, na yule kijana alifanya jambo sahihi. Ngozi ya baridi yenye jasho, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza: hapo bado una muda. Mtoe juani, mlaze, mwinue miguu, legeza nguo, mloweshe na umpepee, anywe kidogo kidogo. Dakika 30 zikipita bila nafuu, ita msaada.

Akianza kuongea visivyoeleweka, akakuuliza mko wapi, akayumba kama mlevi, akadegedeka au kuzimia, hicho ni kiharusi cha joto. Mwili umefika nyuzi 40 au zaidi na ubongo unaumia. Usisubiri ngozi ikauke ndipo uamini, wengine huwa bado wanatoka jasho. Piga simu ya dharura, na papo hapo anza kumpoza: maji mwili mzima, barafu shingoni, kwapani na kwenye kinena, upepo bila kuacha. Usimwekee kinywaji mdomoni aliyepoteza fahamu. Dawa za kushusha homa hazifanyi kazi hapa.

Kuhusu presha, tafadhali usimwachishe dawa kwa uamuzi wako. Dawa ya mkojo inapunguza maji mwilini, na nyingine zinazuia moyo kuongeza kasi wakati mwili unahitaji kujipoza. Nendeni kwa daktari wake kabla ya safari, muulizeni dozi ya siku hiyo na kiasi cha maji anachoruhusiwa.

Shabiki Damu:
Mkuu usijitese. Mzee apige lita tano za maji asubuhi, kesi imeisha.

Nesi wa Zamu:
Hapana Shabiki, hilo ni hatari. Maji mengi kwa mkupuo yanapunguza chumvi kwenye damu, mtu anaweza kuchanganyikiwa hata kupata degedege. Kwa mzee anayetumia dawa ya mkojo ndiyo mbaya zaidi. Glasi moja kila baada ya dakika 20 au 30 akiwa juani ni njia bora, kama daktari hajasema vingine. Pakiti za ORS, ule unga wa kuchanganya na maji ya kunywa, pia zina chumvi, kwa mwenye presha ziulizieni kwanza. Na atazame mkojo: ukiwa na rangi iliyokolea, amechelewa kunywa.

Mkimbiaji:
Niongeze jambo ambalo wengi hawalizingatii, unyevu wa hewa. Jasho linapoza likikauka tu. Hewa ikijaa unyevu, jasho linachuruzika bure na joto linabaki ndani. Mashindano ya dunia ya riadha Doha mwaka 2019, marathoni ya wanawake ilianza karibu saa sita usiku kukwepa jua, lakini kati ya wakimbiaji 68 walioanza, 28 hawakumaliza. Hao ni wanariadha wa dunia, na jua halikuwepo! Kwa hiyo usiangalie nyuzi peke yake.

Mwili huchukua kama wiki moja hadi mbili kuzoea joto. Kama hamwezi kufika mapema hivyo, basi siku za kwanza msizunguke mchana. Na mlale mahali penye ubaridi, maana usiku wa joto unamkuta mtu amechoka kabla mechi haijaanza.

Mama Wawili:
Mimi naulizia tiketi. Mko jukwaa gani? Saa tisa jua limeshaelekea magharibi, kwa hiyo anayekaa jukwaa la mashariki linampiga usoni mechi nzima. Jukwaa la magharibi lenye paa huwa na kivuli mapema. Pia wasilianeni na uwanja mjue kama chupa ya maji inaruhusiwa na bomba liko wapi, na muombe mlango wa wazee ili msipange foleni ndefu. Kwa ulivyosimulia, foleni ndiyo iliyomwangusha baba, mpira wenyewe ulikuwa haujaanza.

Mtoto mpe maji kabla hajaomba, kofia pana, kitambaa chenye maji shingoni. Na msimwache ndani ya gari lililofungwa hata dakika tano.

Mtoto wa Kwanza:
Nimesoma yote mara mbili, Mungu awabariki. Mama Wawili, tulikuwa jukwaa la mashariki, safu ya nne, na mimi nilijivunia kwamba tuko karibu na uwanja. Leo nimebadilisha: magharibi, nyuma kabisa, chini ya paa. Uwanja wamesema chupa tupu inaingia na kuna mlango wa wazee. Daktari tunamwona Jumatatu.

Baba amenuna kidogo kwa sababu ya umbali. Nimemuahidi darubini.